Takwimu Hazipatani, Skripti Haisongi: Utatuzi wa Matatizo ya Msimbo kwa Timu za Data Serikalini, Mombasa

Mwongozo huu ni wa wachambuzi wa data walio kwenye vitengo vya serikali hapa Mombasa, wa afya, mapato, maji au mipango, wanaoandika R au Python na ambao kazi yao lazima ipite mikononi mwa wenzao kabla haijafika kwa mkurugenzi. Nimeupanga kwa dalili, jinsi malalamiko yanavyotamkwa ofisini. Mtu aliyekwama saa kumi jioni na ripoti inatakiwa kesho hatafuti sura ya nadharia. Anatafuta kilio chake.

Mpangilio wa kuchunguza ni huu: anza na data, fuata mashine, malizia na msimbo. Wengi huanza kinyume, wakafungua skripti na kuanza kubadilisha mistari. Lakini skripti moja ikitoa majibu mawili kwa watu wawili, mara nyingi mistari ni ile ile. Kilichotofautiana ni faili lililosomwa, au kompyuta iliyolisoma.

## "Takwimu zako na zangu hazipatani"

Hii ndiyo dalili ghali kuliko zote, maana kwa kawaida hugunduliwa mkutanoni, mbele ya watu. Kabla ya kufungua chochote, waulize wote wawili: ulisoma faili gani, na ulilipakua lini?

Data zilipakuliwa siku tofauti. Mfumo unaoendelea kupokea taarifa, kama KHIS ya sekta ya afya ambayo imejengwa juu ya DHIS2 (programu huria ya kukusanya taarifa za afya), haukai tuli. Vituo huchelewa kuwasilisha, vingine hurudi kusahihisha. Ripoti ya Juni iliyopakuliwa tarehe 5 Julai haitalingana na iliyopakuliwa tarehe 20, na hakuna aliyekosea. Tiba ni kwamba jina la faili ghafi libebe tarehe ya kupakuliwa, mwaka ukitangulia ili mafaili yajipange yenyewe: `2024-07-05_khis_chanjo.csv`. Skripti nayo ichapishe jina hilo chini ya jedwali la ripoti. Faili ghafi lisiguswe kwa mkono hata kidogo. Anayetaka kurekebisha nambari airekebishe ndani ya skripti, mahali ambapo mwenzake ataona.

Kila mmoja ana robo yake. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kwa mtu wa bajeti, robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Lakini `quarter()` ya lubridate (kifurushi cha R) na `dt.quarter` ya pandas (kifurushi cha Python) hurudisha robo za kalenda, Januari hadi Machi. Skripti mbili zitakwenda vizuri, zote zitaandika "Robo ya 1", na zitakuwa zinazungumzia miezi isiyokutana. Kwenye R andika `quarter(tarehe, fiscal_start = 7)`; kwenye pandas tumia `to_period("Q-JUN")`. Bora zaidi, timu iandike kitendakazi (function) kimoja cha robo, kila mtu akitumie hicho, na mabishano yaishie hapo.

Siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Laptopu nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. CSV yenye 03/04/2024 ikifunguliwa kwa Excel kwenye laptopu kama hiyo, tarehe 3 Aprili inageuka 4 Machi bila onyo lolote. Tarehe kama 25/04/2024 haiwezi kugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo hubaki kama maandishi. Hapo ndipo pa kumkamatia mwizi: tazama safu ya tarehe ndani ya Excel, ukiona nyingine zimeelemea kushoto na nyingine kulia, safu hiyo imekwisha kuharibika. Usiitengeneze. Rudi kwenye faili ghafi, ulisome kwa skripti bila kulipitisha Excel, na utaje umbo la tarehe waziwazi: `dmy()` kwenye R, `format="%d/%m/%Y"` kwenye pandas.

Jina la wadi limeandikwa kwa njia nne. Mombasa ina kaunti ndogo 6 na wadi 30, na ungedhani orodha fupi hivyo haiwezi kumsumbua mtu. Chukua Ziwa la Ng'ombe. Anayechapa kwa Word hupata alama ya king'ong'o iliyopinda, anayechapa moja kwa moja kwenye mfumo hupata iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na majedwali hayaungani. Mwingine ameandika "Ngombe" bila alama, mwingine "Ziwa La Ng'ombe" kwa L kubwa. Kuna "Frere Town" na "Freretown". Kuna "Mtongwe" yenye nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana hata ukikodoa macho.

Dalili yake ni jumla kupungua baada ya kuunganisha majedwali mawili. Ukitumia `inner_join`, au `merge` ya pandas ambayo kwa kawaida yake huunganisha namna hiyo hiyo, mistari isiyopata mwenzake hudondoka kimya. Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, timu iwe na jedwali moja la wadi, `wadi.csv`, lenye mistari 30, msimbo wa kila wadi (nambari yake ya utambulisho) na jina lake rasmi, likae ndani ya hazina ya pamoja (repo, yaani folda ya mradi wa timu). Pili, kila muunganisho ufuatwe na hesabu: wadi ni 30? Mistari iliyokosa mwenza ni mingapi? Ikiwa si sifuri, skripti isimame na itaje majina yaliyokataa. Kwenye R, `anti_join()` itakuonyesha papo hapo. Skripti inayosimama na kulalamika ni afadhali kuliko inayomaliza na kudanganya.

Sufuri za mbele zimeliwa. Mombasa ni kaunti nambari 001. Excel ikifungua CSV huifanya 1, na mtu akihifadhi, faili limebadilika moja kwa moja. Misimbo ni majina, haijumlishwi wala haigawanywi, basi isomwe kama maandishi: `dtype=str` kwa pandas, `col_types` kwa readr.

Mistari imekatwa mwishoni. Faili la `.xls` la zamani haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, `.xlsx` hufika 1,048,576. Jambo hili liliwahi kuivunjia heshima Uingereza nzima: mapema Oktoba 2020 ilibainika kwamba karibu visa 16,000 vya Covid-19 havikuwa vimehesabiwa, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye `.xls` na yaliyozidi yakaachwa nje. Ukiona jedwali lenye mistari 65,535 au 65,536 kamili, usiamini kuwa ni sadfa.

Ukishapita yote hayo na bado nambari hazipatani, sasa fungua msimbo, na utafute kitu kimoja kwanza: kipande kilichonakiliwa. Mtu alikiandika kitendakazi cha kusafisha majina mwaka juzi, kikabandikwa kwenye skripti ya chanjo, ya mapato, ya vibali. Kasoro ikasahihishwa kwenye moja, nyingine zikabaki na ugonjwa. Kanuni ninayoipendelea ni ya kivivu kidogo: kipande kikitumika mara mbili kiache, kikitumika mara ya tatu kihamishie kwenye faili la pamoja, `kazi_za_pamoja.R` au moduli ya Python, na skripti zote zikiite kutoka huko. Sioni haja ya kuanza na kifurushi kamili chenye nyaraka na majaribio. Timu ya watu wanne ikianza hivyo, itamaliza mwaka inajenga kifurushi na ripoti hazijatoka.

## "Kwangu inafanya kazi"

Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, hii skripti yako yasema faili halipo."

"Mbona kwangu lipo?"

"Kwako liko wapi?"

"Hapa, kwenye desktopu."

Jibu limeshatoka. Ndani ya skripti kuna njia kamili, `C:/Users/` ikifuatwa na jina la mwenye laptopu. Andika njia zote kuanzia kwenye mzizi wa mradi: `data/ghafi/2024-07-05_khis_chanjo.csv`. Kwenye R kifurushi cha `here` husaidia, kwenye Python kuna `pathlib`. Kama `setwd()` ipo mstari wa kwanza, ifute.

Ikiwa njia ni sahihi na bado kuna shida, angalia kama skripti inategemea kitu kilichobaki kichwani mwa kompyuta. RStudio ikiachiwa mazoea yake hukuuliza uhifadhi vitu vya kikao ndani ya `.RData` unapofunga, na huvirudisha unapofungua. Basi jedwali liitwalo `wadi_safi` lipo kwako, lakini hakuna mstari wowote unaolitengeneza. Uliuandika wiki jana ukaufuta. Daftari la Jupyter lina ugonjwa huo huo, kwani seli ya 9 inaweza kuwa iliendeshwa kabla ya seli ya 4. Zima urejeshaji wa `.RData` kwenye mipangilio. Kwa Jupyter, anzisha kerneli upya na uendeshe seli zote tangu juu kabla hujampa mtu daftari. Likikwama, halijawa tayari kutoka.

Halafu kuna matoleo. R 4.0.0 ilipotoka Aprili 2020, maandishi yaliacha kugeuzwa kuwa faktari (aina ya data ya makundi) yenyewe yanaposomwa, na skripti nyingi za zamani zikaanza kutoa matokeo tofauti. Pandas 2.0 ya Aprili 2023 iliondoa `append` ya majedwali, na aliyesasisha laptopu yake akaona makosa ambayo mwenzake hayaoni. Linganisheni matoleo kwanza (`sessionInfo()` kwa R, `pip freeze` kwa Python), kisha yafungeni: `renv` hutengeneza `renv.lock`, na Python hutumia mazingira yake pekee pamoja na `requirements.txt` yenye nambari za matoleo. Mafaili hayo mawili yaingie kwenye hazina. Folda ya vifurushi vyenyewe isiingie.

Sababu ya mwisho huonekana skripti inapohamishwa kutoka laptopu ya Windows kwenda kwenye seva ya Linux. Kwa Windows, `Wadi.csv` na `wadi.csv` ni faili moja. Kwa Linux ni mawili. Majina yote yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi, na hutakutana na jambo hili tena.

## "Wadi mbili hazitoki"

Skripti inatengeneza faili moja kwa kila wadi. Inakwenda vizuri Changamwe na Jomvu, inapita Kisauni, Nyali na Likoni, kisha inaanguka ikifika Mvita. Wakati mwingine haianguki, lakini mwishoni unahesabu mafaili 28.

Tazama majina: Mji wa Kale/Makadara na Shimanzi/Ganjoni. Mkwaju (/) ulio katikati ndio unaotenganisha folda kwenye njia ya faili, kwa hiyo kompyuta inatafuta folda iitwayo "Mji wa Kale" ili iweke ndani yake faili liitwalo "Makadara", na folda hiyo haipo. Yapeni mafaili majina ya misimbo ya wadi, na majina kamili yabaki ndani ya ripoti.

## "Faili lipi ndilo la mwisho?"

Folda ya pamoja ina `mapato.R`, `mapato_mpya.R`, `mapato_mwisho.R`, `mapato_mwisho_sahihi2.R`, na nyingine iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa kila nahodha ana nakala yake ya usukani.

Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hutibu hili, lakini kwa sharti kwamba timu ikubaliane mahali pamoja pa ukweli. Nimeona timu zikifungua hazina moja kwa kila mtu. Hiyo ni ile folda ya zamani iliyovaa nguo mpya. Fungueni hazina moja kwa kila ripoti au bidhaa: ya mapato, ya chanjo, ya vibali. Ndani yake, mpangilio uwe ule ule kila mahali, ili anayetoka mradi mmoja kwenda mwingine asipotee: `msimbo`, `data` (isiyoingia Git), `matokeo`, na `README.md`.

Tawi la `main`, yaani mkondo mkuu wa kazi, liwe ndilo lililo tayari kuendeshwa saa yoyote. Kazi mpya ifanyike kwenye tawi lake, lenye jina linaloeleza kazi: `rekebisha-robo`, `ongeza-likoni`. Ikikamilika, mwenzako aisome kabla ya kuunganishwa. Maombi ya kuunganisha yawe madogo. Ukimletea mtu mistari 900 ya kupitia siku ya Ijumaa, ataandika "sawa" bila kusoma, na wala simlaumu.

Kuna hatua ambayo timu nyingi huiruka, nayo ndiyo itakayowaokoa. Ripoti ikishatolewa, weka tagi (alama yenye jina) kwenye komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa na Git) iliyoitoa:

`git tag -a mapato-2024-25-robo1 -m "Ripoti iliyowasilishwa"`

`git push origin mapato-2024-25-robo1`

Mkaguzi akija miezi minane baadaye na kuuliza nambari ya ukurasa wa 12 ilipatikanaje, mnarudi kwenye tagi hiyo, mnaendesha, na mnaiona nambari ile ile ikitoka. Bila tagi mtabaki kukisia ni siku gani.

## "Git imenikatalia"

Hapa soma ujumbe wa kosa wote, hata kama ni mrefu na ni Kiingereza. Mara nyingi dawa imeandikwa mle mle.

*Inakataa nenosiri ambalo ni sahihi.* Tangu Agosti 13, 2021, GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za Git, haipokei nenosiri la akaunti kwa kusukuma (push) au kuvuta (pull) msimbo. Inataka tokeni au ufunguo wa SSH. Kama ulikuwa unaingia vizuri kisha ukakataliwa ghafla, huenda tokeni imefika mwisho wa muda wake na Windows imehifadhi ile ya zamani. Ifute kwenye hifadhi ya nywila ya Windows, ujaribu tena.

*Inasema faili ni kubwa mno.* GitHub hukataa faili linalozidi MB 100. Kulifuta na kuweka komiti nyingine hakusaidii, kwa kuwa faili bado lipo kwenye historia ya komiti iliyotangulia. Ikiwa bado hujafanikiwa kusukuma, andika `git reset --soft origin/main`, kisha `git restore --staged` ukitaja faili lile, halafu weka komiti upya. Na kama faili lenyewe ni data, swali la kujiuliza ni lilikuwa linafanya nini humo.

*Nimeliweka kwenye `.gitignore` lakini bado linaonekana.* `.gitignore` haigusi faili ambalo Git imeshaanza kulifuata. Tumia `git rm --cached` ukitaja jina lake. Litaondoka kwenye Git, kwenye diski yako litabaki.

*Nimebadilisha mstari mmoja, lakini faili zima limegeuka.* Windows humalizia mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux na Mac kwa moja. Weka faili `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto`, kisha `git add --renormalize .` mara moja, na muwaambie wote wavute kabla ya kuendelea.

*Mgongano.* Watu wawili wamegusa mistari ile ile. Git haijaharibika, inakuomba uamue. Fungua faili, tafuta alama za `<<<<<<<`, na umpigie simu mwenzako kabla ya kuchagua. Migongano inayojirudia kwenye faili moja huwa inaonyesha kwamba kazi imegawanywa vibaya, au kwamba faili hilo limekuwa kubwa na linahitaji kukatwa.

## "Nenosiri la hifadhidata limo ndani ya skripti"

Hapa mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko ustadi.

Badilisha nenosiri kwanza. Leo hii, kabla ya kusafisha chochote. Kufuta mstari kwenye komiti mpya hakuondoi kitu, historia bado inao, na yeyote aliyewahi kuvuta hazina anao pia. Likishabadilishwa, lile la zamani ni maandishi tu. Baada ya hapo unaweza kusafisha historia kwa `git filter-repo`, ukijua kwamba kila mtu atalazimika kuichukua hazina upya. Nenosiri jipya likae nje ya msimbo, kwenye `.Renviron` au `.env`, nalo faili hilo liorodheshwe kwenye `.gitignore` tangu siku ya kwanza. Ndani ya hazina weka mfano tu, `.env.mfano`, wenye majina ya vigezo bila thamani, ili mgeni ajue anatakiwa kujaza nini.

Taarifa za watu ni jambo zito zaidi, na njia yao kuu ya kutoroka ni daftari la Jupyter. Daftari huhifadhi msimbo pamoja na matokeo yake. Ukiandika `df.head()` ili uone jedwali limekaaje, mistari mitano ya kwanza, yenye majina, nambari za kitambulisho na za simu, imeingia ndani ya faili, na ukisukuma daftari, imekwenda nayo. Data yenyewe hukuiweka Git, lakini watu watano wameshaonekana. Weka `nbstripout` kwenye kila hazina kwa `nbstripout --install`, nayo itaondoa matokeo kabla ya kila komiti. Amri hiyo iendeshwe kwenye kila laptopu, haisafiri na hazina.

Ikiwa imeshatokea, usijaribu kulimaliza kimya kimya. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara kwao, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipofahamu. Saa hizo zinahesabika hata wikendi. Mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo, na uandike nini kilitoka, lini, na hazina ilikuwa wazi kwa nani.

## "Mwenye skripti amehamishwa"

Amepelekwa idara nyingine, au muda wa mwanagenzi umekwisha, na hazina iko kwenye akaunti yake binafsi. Mpigie angali anapokea simu. Aihamishie kwenye akaunti ya taasisi, ambayo iwe na wamiliki wawili au zaidi, si mmoja ambaye naye atahamishwa. Kama sera ya ofisi hairuhusu msimbo kukaa nje, hazina tupu ya `git init --bare` kwenye seva ya ndani inatosha kabisa, na haihitaji intaneti.

Makabidhiano ya karatasi yenye sahihi hayatoshi kwa msimbo. Fanyeni hivi: anayebaki anakaa kwenye laptopu ambayo haijawahi kuendesha skripti hiyo, anafungua `README.md`, anaanza. Anayeondoka anakaa kando na haruhusiwi kusema. Kila anapotamani kusema, "aah, hapo unatakiwa kwanza...", anaandika hilo kwenye README badala ya kulitamka. Mara nyingi mambo yatakayojitokeza ni yale yale: data inaombwa kwa nani, nenosiri la mfumo linapatikana kwa njia gani, skripti zinaendeshwa kwa mpangilio upi, na ni nambari gani ambayo ikitoka vile ilivyo mtu ajue kuna kasoro. Hilo la mwisho haliandikwi na watu wengi, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote.

Ikiwa mwenyewe hapatikani tena, usiiandike upya skripti mara moja, hata kama imeandikwa vibaya. Iendeshe kwanza dhidi ya ripoti ya zamani iliyokwisha kutolewa. Ukipata nambari zile zile, una mahali pa kusimama, na kila utakachosafisha utakipima hapo.

## "Stima imepotea" na "mtandao hakuna"

Stima ikikatika Git ikiwa katikati ya kazi, ukirudi utaambiwa haiwezi kutengeneza `.git/index.lock` kwa sababu lipo tayari. Hakikisha hakuna dirisha lingine, RStudio au VS Code, linaloendesha Git, kisha futa faili hilo `index.lock` peke yake. Folda ya `.git` usiiguse zaidi ya hapo. Na kama hazina iko ndani ya folda ya OneDrive au Google Drive, ihamishe leo. Mifumo hiyo husawazisha vipande vya `.git` kimoja kimoja, na siku moja historia itavunjika.

Mtandao ukiwa chini, kumbuka kwamba Linus Torvalds aliianzisha Git mwaka 2005 kwa watu waliotawanyika duniani, kila mmoja akiwa na historia yote mashineni mwake. Komiti, matawi na tagi vyote vinafanyika bila intaneti. Kinachohitaji mtandao ni kusukuma na kuvuta tu. Kama hazina ni nzito na bando ni dogo, `git clone --depth 1` itakuletea hali ya sasa bila historia.

Na ikibidi kazi ivuke kutoka Mvita hadi ofisi ya Likoni kwa flashi, usinakili folda. Tengeneza fungu (faili moja lenye hazina yote):

`git bundle create mapato.bundle --all`

Anayepokea aende kwenye hazina yake, kama anayo, aandike `git pull` ikifuatwa na njia ya faili hilo na neno `main`. Kama hana hazina, `git clone mapato.bundle mapato` itamjengea yote, matawi na tagi zikiwemo. Kabla ya hapo, aliyetuma athibitishe fungu kwa `git bundle verify mapato.bundle` angali upande wa kisiwani, kwa sababu akigundua kosa akiwa ameshashuka feri, foleni ya kurudi anaijua mwenyewe.